Mfuko wa uyoga umegoma? Tazama doa lilianzia wapi

Mwongozo huu ni wa uyoga mamama, ule wa vichwa vipana unaooteshwa kwenye mifuko ya nailoni yenye majani makavu ya mpunga, mabua ya ngano, magunzi yaliyosagwa au maganda ya mbegu za pamba. Malalamiko ya wakulima wadogo yanafanana kutoka Kibaha hadi Kiambu: mfuko haujawa mweupe, umeota kijani, umetoa vitoto vikafa, au umevunwa mara moja ukanyamaza. Mkulima hukimbilia kubadili mbegu au kunyunyiza dawa, kumbe kosa lilifanyika wiki tatu nyuma, siku ya pipa, yaani siku ya kuchemsha majani kwa mvuke.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza doa lina rangi gani, uliza limeanzia wapi.

- Limezunguka punje za mbegu (nafaka iliyooteshwa utando wa uyoga): mbegu ilikuja na uchafu wake.
- Liko mdomoni mwa mfuko, chini ya pamba ya kuzibia au kwenye tundu: uchafu uliingia wakati wa kupanda, au pamba ililowa.
- Limetawanyika kila mahali, hata katikati: majani hayakuiva kwa mvuke.
- Liko chini kabisa: maji yamezidi.
- Liko upande ulioegemea bati au mfuko mwingine: joto.

Kisha hesabu. Katika mifuko 50, miwili au mitatu kuharibika ni jambo la kawaida, itoe uendelee. Nusu ikiharibika, kosa ni la mzigo mzima, yaani mifuko yote iliyochemshwa pamoja. Ikiharibika ile tu iliyopandwa kutoka chupa moja, lawama ni ya chupa hiyo. Hesabu hii haiwezekani kama hukuandika tarehe ya kuchemsha na namba ya chupa kwenye kila mfuko. Kalamu ya wino usiofutika ni bei ya andazi mbili tatu; inunue kabla ya kipima unyevu.

Siku kumi zimepita, mfuko bado una rangi ya majani

Kwenye nyuzi joto 24 hadi 28, utando mweupe huanza kutoka kwenye punje ndani ya siku tatu hadi tano, na mfuko wa kilo mbili au tatu hujaa ndani ya wiki mbili hadi nne. Ukipita siku kumi bila hata nywele nyeupe kuzunguka punje, fuata mpangilio huu.

1. *Mbegu ilipandwa kwenye majani ya moto.* Hili ndilo kosa linaloongoza, hasa pipa linapofunguliwa jioni na watu wana haraka ya kwenda nyumbani. Nje ya mfuko unaweza kuwa vuguvugu huku katikati kuna nyuzi 45, na utando wa mamama hufa joto likikaa juu ya 40. Chomeka kipimajoto katikati kabisa. Usipande mpaka kisome chini ya 30. Kama huna kipimajoto, acha mifuko ipoe usiku kucha, imefunikwa, mahali safi.

2. *Mbegu imezeeka au ilipata joto njiani.* Chupa nzuri ni nyeupe kote, punje zinaachana ukiigongagonga, na harufu yake ni ya uyoga. Maji ya njano chini ya chupa, harufu ya uchachu, au bonge lisilovunjika ni dalili mbaya. Jaribio ni rahisi: chemsha kipande cha boksi dakika 20, kikamue, kiweke kwenye chupa safi ya jemu, weka punje kumi juu yake, funika bila kukaza. Baada ya siku tatu hadi tano punje hai huwa na manyoya meupe yanayoingia kwenye boksi. Zikikaa kimya, zimekufa. Zikitoa kijani au nyeusi, umepata jibu kabla ya kupoteza majani ya gunia zima. Fanya jaribio hili kwa kila chupa unayoitilia shaka.

3. *Mbegu ni kidogo.* Lenga asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa majani yaliyolowa: mfuko wa kilo 3 unahitaji gramu 90 hadi 150. Chupa hazina uzito mmoja, kwa hiyo kipimo cha "chupa moja mifuko ishirini" hakina maana mpaka upime kwa mizani. Kubana mbegu ni akiba ya uongo, maana kila siku ambayo majani yanakaa bila mwenyewe, ukungu unapata nafasi.

4. *Majani ni makavu au yamelowa kupita kiasi.* Kamata konzi, kamua kwa nguvu. Matone mawili matatu kati ya vidole ni sawasawa, yaani unyevu wa asilimia 60 hadi 65. Mchirizi maana yake ni maji mengi; mkono mkavu maana yake ni maji machache.

5. *Baridi.* Njombe au Limuru, usiku wa Juni na Julai, mfuko hauchafuki wala haujai. Haujafa. Usogeze chumba chenye joto zaidi, sogeza mifuko ikaribiane, nao utaendelea.

Hapo kwenye baridi kuna onyo. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili kupasha mifuko. Hewa ya mkaa inaua mtu bila harufu ya kumshtua, na chumba cha uyoga kimezibwa kuliko chumba cha kulala. Ukilazimika kupasha moto, ita fundi umeme akufungie taa au hita yenye nyaya zinazostahimili unyevunyevu, pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Usiunge waya mwenyewe kwenye chumba ambacho sakafu yake inamwagiwa maji mara mbili kwa siku.

Kijani, nyeusi, rangi ya chungwa

*Kijani* ni ukungu uitwao Trichoderma. Huanza mweupe kama utando wako, kisha katikati ya doa hugeuka kijani cha majani mabichi. Wengi hufurahia weupe huo kwa siku mbili. Tofauti ipo: utando wa mamama una nyuzi zinazotambaa kama mizizi na harufu nzuri, ukungu huu ni wa unga unga na huenea kama duara.

Kama umetawanyika kote, rudi kwenye pipa. Pipa la lita 200 lenye mifuko linahitaji saa tatu hadi nne za mvuke, na saa hizo huhesabiwa tangu mvuke mzito utoke pembeni mwa kifuniko. Anayehesabu tangu alipowasha kuni amechemsha saa mbili akidhani ni nne. Maji ya chini yafike kimo cha sentimita 15, kama lita 40, na mifuko ikae juu ya jukwaa isiguse maji. Usiishindilie, acha nafasi ya vidole viwili kati ya mfuko na mfuko ili mvuke upite. Katika nyanda za juu maji huchemka mapema, Njombe kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100, basi ongeza saa moja. Kagua maji kila baada ya saa moja na nusu, na ukiongeza, ongeza yanayochemka. Maji baridi hushusha joto na saa zako zinaanza upya.

Kama unachovya majani kwenye maji ya moto badala ya mvuke, maji yabaki kati ya nyuzi 65 na 80 kwa saa moja hadi mbili baada ya majani kuingia. Gunia la majani baridi likizamishwa hushusha joto kwa nyuzi nyingi. Pima tena baada ya dakika kumi.

Sababu inayofuata ni chakula kupita kiasi. Pumba za mpunga au mahindi huongeza mavuno, lakini zikizidi asilimia 5 ya uzito mkavu, mvuke wa pipa hautoshi tena kuzilinda. Mchanganyiko wenye pumba asilimia 15 au 20, au wenye vumbi la mbao na pumba, unataka chombo cha mgandamizo kwenye nyuzi 121. Kwa mwenye pipa, ushauri wetu ni kuacha pumba kabisa mpaka apate mizigo mitatu mfululizo isiyo na kijani.

*Onyo la pipa.* Pipa halikutengenezwa kubeba mgandamizo. Usilifunge kifuniko kwa bolti, usilichomelee, usiweke mawe mazito juu ya mdomo uliozibwa. Lazima mvuke upate njia. Ukitaka mgandamizo, nunua chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo chenye vali ya usalama, na mtu anayekijua akikague. Fundi wa kuchomelea mageti, hata awe hodari vipi, si mtu wa kazi hii. Pia usiwahi kutumia pipa lililobeba viuatilifu, hata kama limeoshwa mara kumi.

*Rangi ya chungwa, laini kama pamba kisha unga*, ni ukungu wa Neurospora, na huyu hana subira: siku mbili au tatu tu anatokea kwenye tundu la mfuko, na wiki haiishi yuko chumba kizima. Mbegu zake nyingine (chembe za vumbi anazozalia) huamshwa na joto, kwa hiyo majani yaliyopata moto wa nusu nusu ni kama yamealikwa. Magunzi na mabaki ya mahindi humleta zaidi. Usiuguse wala kuupulizia mfuko huo, kwa sababu unga utapaa. Funika doa polepole kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti, uvishe mfuko wote mfuko mwingine wa nailoni, funga, toa nje, chimbia kina cha nusu mita au chemsha tena ndani ya mfuko huohuo. Hakikisha hakuna moto karibu ukiwa na spiriti mkononi. Kisha osha sakafu na rafu kwa maji ya klorini.

*Kijivu chenye vichwa vyeusi kama pini*, au *nyeusi na njano ya vumbi*, hufuata sheria zilezile za mahali doa lilipoanzia. Ule wa vumbi jeusi au la njano huenda ukawa Aspergillus, na baadhi ya jamii zake hudhuru mapafu. Mwenye pumu, mwenye kinga dhaifu, au mtoto asikae humo. Vaa barakoa, na mfuko wa namna hiyo usifunguliwe kamwe ndani.

Je, mfuko wenye kijani kidogo unaokoleka? Doa lisilozidi sarafu, kwenye mfuko uliokwisha kuwa mweupe, lifunike kwa chumvi iliyoloweshwa kidogo na utenge mfuko. Mara nyingi utavuna mkupuo mmoja, yaani vuno la mara moja. Doa likifika robo ya mfuko, ni jalala. Mtu anayeuhurumia mfuko mmoja huwa anaua kumi.

Theluthi ya mizigo miwili mfululizo ikichafuka baada ya kurekebisha pipa, simama. Usiendelee kununua mbegu. Toa kila kitu, safisha, acha chumba kikae kikavu wiki moja, na mwite afisa ugani au wataalamu wa maabara ya mbegu waje na majani yako yapimwe. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine ni mahali pa kuanzia kuuliza. Kenya, wakulima huenda Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja.

Mfuko unanuka na chini kuna maji

Uyoga unaokua vizuri unanukia. Harufu ya uchachu au yai bovu ni bakteria, na karibu kila mara chanzo ni maji. Kamua majani kabla ya kujaza. Yaliyotoka kwenye maji ya moto yaachwe yachuje juu ya wavu saa kadhaa, safi na yamefunikwa. Mfuko ulioshindiliwa kama gunia la mkaa hukosa hewa katikati, nao huchacha. Jaza uwe imara, lakini kidole kikibonyeza kiingie kidogo.

Kama maji ni kikombe tu chini na juu pameanza weupe, toboa matundu mawili ya sindano iliyochomwa moto kwenye kona za chini, simamisha mfuko juu ya wavu, utajichuja. Kama majani yamekuwa meusi na yanateleza, tupa.

Matone ya njano ya asali juu ya utando mweupe ni jambo jingine. Hayo ni jasho la utando uliosumbuliwa, mara nyingi na joto, wakati mwingine na bakteria jirani. Pima joto la katikati ya mfuko: utando unapofanya kazi hujipasha wenyewe, na mfuko mnene huweza kuzidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Chumba cha nyuzi 30 Dar es Salaam mwezi Februari kinaweza kuwa na mfuko wenye 35 ndani. Tenganisha mifuko kwa sentimita 10, na mzigo ujao tumia mifuko myembamba, ya kipenyo cha sentimita 15 hadi 20. Pwani mfuko mdogo unashinda mkubwa msimu wa joto.

Mweupe tayari, lakini uyoga hautokei

Mfuko umejaa, wiki mbili zimepita, kimya. Sababu, kwa kadiri zinavyojitokeza:

*Haujakomaa.* Mweupe wa nje si mweupe wa ndani. Ubonyeze: uliokomaa ni mgumu kama tofali la sabuni.

*Bado uko gizani na hewa nzito.* Utando hutandaa vizuri kwenye hewa iliyotuama. Uyoga unahitaji kinyume chake. Kata matundu manne hadi sita ya sentimita mbili, hamishia chumba chenye mwanga wa kutosha kusoma gazeti (si jua), fungua madirisha yenye wavu, pandisha unyevu uwe asilimia 85 hadi 95. Vichwa vya ukubwa wa kichwa cha njiti ya kibiriti huonekana siku tatu hadi saba baadaye.

*Joto halifai aina uliyopanda.* Hapa watu hupoteza misimu. Mamama wa kijivu wa nchi za baridi (Pleurotus ostreatus) hutaka nyuzi 10 hadi 20 na Dar es Salaam hatatoa kitu. Aina za joto, kama Pleurotus pulmonarius inayouzwa mara nyingi kwa jina la sajor-caju, hustahimili 20 hadi 28, na mamama wa waridi (Pleurotus djamor) hufanya vizuri mpaka 30. Muulize muuzaji jina la aina, asikujibu "ya kisasa". Huyo wa waridi ana kasoro moja: mbegu yake hufa kwenye jokofu, wakati za wenzake hutunzwa humo kwa nyuzi 2 hadi 4.

Kama yote yako sawa na bado kimya, poza mfuko kwa maji baridi usiku mmoja: uzamishe kwa muda wa saa sita hadi kumi na mbili, uchuje, urudishe. Usijaribu zaidi ya mara moja.

Vitoto vinatokea, vinanyauka

Vikiwa vikavu na vya kahawia, unyevu ulishuka. Tafuta upepo kwanza: mlango unaoelekea kaskazi, feni inayopuliza mifuko moja kwa moja, au dirisha ambalo wavu wake umechanika. Mwagia sakafu na kuta, tundika magunia yaliyolowa, nyunyiza hewani mara tatu hadi tano kwa siku wakati wa jua kali. Sakafu ya mchanga au kokoto hushika maji kuliko saruji.

Vikiwa laini, vimelowa na vinageuka njano, ulivimwagia. Bomba la bustani na kikombe havina kazi hapa. Kinyunyizio kitoe ukungu, kielekezwe juu hewani, na mpaka vichwa vifike ukubwa wa sarafu visiguswe na matone kabisa.

Vikiwa vingi mno na vinavyoendelea ni vichache, huo ni utaratibu wa uyoga. Shada la vitoto hamsini litakupa kumi wakubwa. Acha.

Shingo ndefu, vichwa vidogo

Hewa chafu, karibu mara zote. Uyoga unavuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi kama sisi. Chumba kilichojaa mifuko bila matundu hufanya shina lirefuke likitafuta hewa. Kipimo cha bure: ingia asubuhi kabla ya kufungua dirisha. Ukihisi hewa nzito, uyoga umekwisha kuihisi tangu usiku. Fungua matundu ya chini na ya juu, pande zinazotazamana, dakika 15 hadi 20 mara nne kwa siku, au acha wazi daima na uongeze kunyunyiza. Kabonidayoksaidi ni nzito, hutulia chini. Tundu la juu peke yake halisaidii rafu ya chini.

Kama hewa ni nzuri na bado shingo ni ndefu na rangi imefifia, ongeza mwanga. Taa nyeupe moja kwa saa 8 hadi 12 inatosha chumba cha mita 3 kwa 4. Sababu hizi mbili mara nyingi huja pamoja, kwa kuwa anayeziba dirisha huziba vyote viwili.

Madoa ya kahawia yanayoteleza juu ya kichwa

Bakteria Pseudomonas tolaasii hukaa kwenye maji yanayobaki juu ya kichwa. Kanuni ni moja: baada ya kunyunyiza, kichwa kikauke ndani ya saa mbili au tatu. Nyunyiza mwisho saa kumi alasiri, si usiku, na fungua hewa baada yake. Tumia maji safi. Ya kisima kilicho wazi au tangi lenye utelezi ndiyo chanzo. Ukihitaji dawa, klorini ya asilimia 3.5 mililita 4 kwa lita moja ya maji hutosha kwa kunyunyiza. Usiichanganye klorini na siki, spiriti wala dawa ya kusafishia choo: mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Kichwa kilichopasuka kama udongo wa kiangazi hakina bakteria. Hewa ni kavu.

Inzi wadogo weusi

Ukiona kumi dirishani, ndani ya mifuko kuna mamia ya viwavi. Toboa shina lililovunwa: viwavi vyeupe vyenye kichwa cheusi ni vya inzi wa Sciaridae, na husafirisha kijani kutoka mfuko hadi mfuko. Kwenye joto letu yai huwa inzi ndani ya wiki tatu hivi, kwa hiyo kupunguza kizazi kimoja hakutoshi. Hesabu miezi miwili ya nidhamu.

Anza na usafi: ng'oa vishina vyote baada ya kuvuna, toa mifuko iliyokwisha siku hiyohiyo, iwekwe mbali angalau mita 50, si nyuma ya banda. Tundika vipande vya nailoni ya njano vilivyopakwa grisi, kimoja kila mita mbili. Usiku, beseni la maji yenye sabuni chini ya taa. Kuhusu wavu, chandarua cha kawaida kina matundu makubwa na inzi hawa hupita; tafuta wavu usiozidi nusu milimita, au kunja chandarua mara mbili, na weka mlango wa pili. Paa la makuti ni baridi na linafaa, ila huficha inzi na kudondosha vumbi lenye ukungu. Tandika nailoni chini yake.

Usipige dawa ya kuua wadudu wa ndani ya nyumba kwenye chumba chenye uyoga. Uyoga hauna ganda la kumenya; unachopuliza kinaliwa. Kama inzi wamekushinda baada ya miezi miwili, afisa ugani akuelekeze kuhusu dawa iliyosajiliwa na siku za kusubiri. Duka la pembejeo lenye ushauri wa mdomo tu halitoshi.

Panya, konokono na mende wanataka mbinu za kawaida. Rafu ziwe na miguu iliyosimama kwenye makopo ya maji yenye mafuta kidogo, na majani makavu yasihifadhiwe chumba kimoja na mifuko.

Mkupuo wa kwanza mzuri, wa pili haupo

Kilo moja ya majani makavu huleta nusu kilo hadi kilo moja ya uyoga kwa mikupuo mitatu, na wa kwanza ndio mkubwa. Baina ya mkupuo na mkupuo ni siku 7 hadi 14. Kama siku 20 zimepita, inua mfuko: umekuwa mwepesi kama boksi tupu? Umekauka. Safisha vishina, uzamishe kwenye maji safi kwa muda wa saa sita, uchuje. Ukiwa mzito na bado mweupe, vishina vilivyobaki vimeoza vikaziba matundu. Ng'oa, toboa upande mpya. Ukiwa mlaini na wa kijivu, kazi yake imeisha. Ni mbolea nzuri ya mchicha.

Umevunwa mzuri, umefika sokoni umelegea

Ulichelewa. Vuna kingo zikiwa bado zimejikunja kuelekea chini kidogo. Zikinyooka na kuanza kupinda juu, mbegu nyeupe za uyoga, laini kama vumbi, zinamwagika na maisha ya uyoga yamefupika. Usinyunyize kwa muda wa saa 12 kabla ya kuvuna. Usiuoshe. Mfuko wa nailoni uliofungwa unajaza jasho na kesho uyoga unateleza. Tumia chombo chenye matundu. Kwenye joto la kawaida una siku moja, mbili kwa bahati, na jokofuni kwenye nyuzi 2 hadi 4 siku tano hadi saba.

Ambao haukuuzika mpaka jioni, chana, kausha kwenye kaushio la jua kwa nyuzi 40 hadi 60. Kilo 10 zitatoa kama kilo 1. Uliokauka unavunjika ukikunjwa. Unaokunjika bila kuvunjika utaota ukungu kwenye pakiti.

Kikohozi, na uyoga usioujua

Unga mweupe kwenye rafu za chumba cha uyoga mkubwa ni mbegu zake. Ukizivuta kila siku, mapafu huanza kukasirika: kikohozi kikavu, homa na kifua kubana saa chache baada ya kazi, kisha nafuu ukiwa safari. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi, vuna mapema, pitisha hewa kabla ya kuingia. Dalili zikirudi mara ya pili, acha kuingia na mwone daktari, umwambie wazi kwamba unalima uyoga. Bila hilo utatibiwa nimonia mara tatu.

Wakati mwingine mfuko hutoa kitu kingine: uyoga mwembamba wa kijivu, kichwa kama kengele, unaoyeyuka kuwa wino mweusi kufikia jioni. Hawa ni jamii ya Coprinus, na maana yake majani yako yana amonia, labda kwa sababu ya mbolea ya kuku au urea, au hayakuiva. Watang'oka, mamama huendelea. Ndugu yao mmoja huota kwenye mabaki ya mkonge nchini Tanzania na watafiti wamekwisha kumwotesha kama chakula, lakini hiyo si ruhusa ya kula kila kinachotoka kwenye mfuko wako. Usichokipanda usikile, usikiuze, usimpe kuku.

Aliyekula uyoga asioujua apelekwe hospitali mara moja, hata akiwa hana dalili. Sumu mbaya zaidi huanza kuonekana saa sita au zaidi baada ya kula, huleta kutapika na kuhara, kisha mgonjwa hupata nafuu ya siku moja wakati ini linaharibika. Nafuu hiyo isiwarudishe nyumbani. Nendeni na mabaki ya uyoga, mabichi au yaliyopikwa, ndani ya karatasi.